Kusikia Bila Kusikiliza

Nyumbani kwangu watu wananicheka. Mtu akipigiwa simu sebuleni, mimi nainuka nakwenda uani, hata kama chai yangu haijapoa. Mjukuu wangu Zuhura, ambaye amemaliza chuo na sasa anaanza kazi benki, aliniuliza juzi, "Babu, mbona unatukimbia? Tunazungumza mambo ya kawaida tu." Nikamwambia miguu ndiyo inayoinuka yenyewe, ilizoeshwa. Hakuridhika na jibu hilo, akaniambia niandike. Basi naandika, kwa ajili yake na wenzake wote wanaoingia kazini mara ya kwanza wakidhani kazi ni kile walichosomea darasani.

Mimi nilikuwa opereta wa simu hapa Tanga. Nilianza miaka ile ya hamsini, na nilistaafu mitambo ilipokuwa inajiendesha yenyewe. Nilipoanza, hapakuwa na namna ya mtu kumpigia mwenzake ila apitie kwangu. Tajiri wa mkonge, daktari, mkuu wa bandari, wote walizungusha kile kipini cha simu yao wakasubiri nijibu. Nasema "kwangu" kwa maringo, na haki ninayo.

Tulikaa kwenye viti virefu, tumevaa visikizio, na kipaza sauti kimening'inia kifuani kimenyanyua shingo kama pembe. Mbele yetu palikuwa na bodi yenye matundu, kila tundu na namba yake. Mtu akipiga, kifuniko kidogo cha namba yake kinaanguka, tk. Unachomeka kamba ya kwanza kwenye tundu lake, unasukuma swichi mbele, unamwuliza, "Namba gani?" Akikutajia, unashika kamba ya pili, unagusa kwanza tundu la anayetafutwa kwa ncha tu. Ukisikia mkwaruzo sikioni, ujue laini ina watu. Ukisikia kimya, chomeka, piga kengele, na wakishaanza kuzungumza rudisha swichi katikati. Hapo wewe humo tena. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nitakalowaeleza.

Lakini kwanza niwacheke kidogo wale wanaodhani nilifika Tanga hodari.

Mimi ni mzaliwa wa Tongoni, nje kidogo ya Tanga, ila mama yangu alipofariki bibi yangu Mwanakombo, mama yake mama, alinichukua kwake Mombasa. Nikakulia huko, nyumbani kwa Mjomba Abdalla, nikasoma huko, na kutoka huko nikapelekwa chuo cha simu. Kwa hiyo nilirudi Tanga na cheti mkononi na Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, mdomoni. Siku ya kwanza kazini nilitaka tarishi wa ofisi anioneshe mahali pa kutundika koti. Alikuwa Mshambaa mtu mzima, Mzee Shembilu, ameshuka kutoka Lushoto si zamani. Nikamwita kama tunavyoitana kwetu: "Mzee, ndoo." Yaani njoo. Akanitazama, akaenda, akarudi na ndoo. Ilikuwa ile nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, iliyokuwa imetundikwa ukumbini. Nikasema, "La, mzee, ndoo wewe." Akaiweka chini kwa hasira akaenda kuleta ya pili. Chumba kizima kilikufa kwa kicheko, na kwa muda mrefu baadaye niliitwa Bwana Ndoo.

Aliyekomesha kicheko alikuwa msimamizi wetu, Bwana Petro, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu mwembamba, kola yake siku zote imepigwa pasi. Aliniita pembeni akaniambia, "Bwana mdogo, hapa ofisini mzee amekuona uso, na bado ameleta ndoo. Je, karani wa shamba la mkonge kule Maramba, ambaye kwao ni Songea, hakuoni, mvua inanyesha, laini inakoroma, ukimwambia 'ndia haiko wazi' ataelewa nini?" Akasema, "Lugha ya kwenu ni tamu, iweke nyumbani. Hapa tunasema maneno ambayo Mdigo, Mgoa na mtu wa Songea wote watayashika mara moja."

Basi nikajifunza upya kusema. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu mtaa wa Usagara nafanya mazoezi peke yangu mbele ya ukuta: njia, njoo, mchele, nchi. Nikajifunza kutopiga kelele, maana kelele huivuruga laini. Unashusha sauti, unasogeza midomo, unalipa kila neno nafasi yake. Na tabasamu husikika, msidharau. Mtu mwenye hasira ukimjibu huku unatabasamu, hasira yake inakosa mahali pa kukaa.

Namba nazo zina elimu yake. "Tatu" na "tano" zikipita kwenye waya mbovu ni mapacha. Sheikh mmoja wa mjini aliwahi kuniomba namba yenye tatu mwishoni, duka la vinywaji, aagize kreti za soda za maulidi. Mimi nikasikia tano. Tano ilikuwa ya mwenye baa, na kwake kreti ni bia. Walichozungumza sikukisikia, ila matokeo yalikuja kwa miguu yake, kwani kesho yake sheikh alisimama kaunta ya posta amekunja uso chini ya kilemba. Lori la bia lilikuwa limefika mlangoni pake wakati wageni wanaingia. Sheikh aliporudi kwake, Bwana Petro alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanifundisha: tatu ivute, "tatuu", na tano ikate. Niliivuta na kuikata hivyo mpaka nastaafu, na hata sasa muuza samaki akiniuliza nataka wangapi, nikimjibu huniambia babu mbona unaimba.

Sasa nirudi nyuma, siku ya kuagana Mombasa, kwa sababu bila siku hiyo haya mengine hayana maana.

Nilipomaliza chuo, Mjomba Abdalla alichinja mbuzi. Ndugu na majirani walijaa. Mtu mmoja akaniuliza hiyo kazi niliyopangiwa Tanga ni ya namna gani. Nami kijana, nimevaa suruali mpya, nikataka wajue. Nikasema, "Tajiri akizungumza na tajiri mwenzake, wakubwa wakizungumza na wakubwa wenzao, mimi nipo katikati. Tanga nzima itakuwa sikioni mwangu."

Wanaume wakasifu. Bibi yangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la pilau, akaliweka chini.

"Kwa hivyo walipwa kwa kusikiza maneno ya watu," akasema.

"Ndiyo kazi, bibi."

"Kazi hini ina jina lake tangu zamani. Yaitwa kudukiza."

Nikajaribu kucheka. "Wateka nini?" akaniuliza, yaani nacheka nini, nami nikaacha. Lazima mjue bibi yangu alikuwa nani. Kwake mtu anayesimama dirishani pa jirani kusikiliza ya ndani hakuwa na tofauti na mchawi. Aliwahi kumvua kanga mwanamke mzima aliyemkuta ukutani mwetu ametega sikio, akaitundika kanga ile mlangoni mpaka mwenyewe akaja kuiomba mbele ya watu. Na leo mjukuu aliyemlea kwa mikono yake anatangaza mbele ya kadamnasi kuwa anakwenda nchi ya watu kufanya hilo hilo kwa mshahara.

Siku ya safari mjomba alinisomea dua. Kwetu msafiri hupitishwa chini ya msahafu mlangoni, na anayeushika ni mkubwa wa nyumba, ndiyo kusema Bibi Mwanakombo. Alikataa. Akaushika mjomba, ambaye ni mfupi kuliko mimi, ikabidi nipite nimeinama kama naingia banda la kuku. Bibi alikuwa jikoni. Nikamfuata huko, nikapiga magoti, nikamwambia, "Bibi, naondoka. Nipe radhi."

Akanipa kifurushi cha mahamri na kuku wa kupaka, bado cha moto. "Chakula nimekufungia," akasema. "Radhi sikufungii. Sikukulea uwe mdukizi."

Nililia ndani ya basi, nawaambieni wazi. Nilipita Horohoro kifurushi kiko mapajani na sikukigusa. Vijana wa leo mnaaga kwa kupunga mkono, kisha mnatumiana picha kabla gari halijafika Pongwe, kwa hiyo sijui kama mnalielewa neno radhi kama tulivyolielewa sisi. Mtu aliyeondoka bila radhi ya aliyemlea hatulii. Kila kilichoniharibikia Tanga, ndoo, bia ya sheikh, nilisema ni ile radhi. Na sikuwa na la kumtumia bibi limridhishe. Mjomba kila alipomtajia jina langu, alijibu, "Yule yuko Tanga adukiza."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amekosea sana. Yule kijana niliyekuwa siku ya karamu alikuwa anataka kusikia kweli. Wiki zangu za mwanzo nilichelewa kurudisha swichi, kidogo tu, kama mtu anayepita mlango ulio wazi akapunguza mwendo. Bwana Petro aliliona hilo kwa mkono wangu, hakuhitaji kuniuliza. Akavuta kiti.

"Utalazimika kufungua laini uone kama wamemaliza," akasema. "Hapo utasikia. Kusikia si kosa, masikio hayana kifuniko. Ukisikia sauti ya mtu, yoyote, funga kabla hajafika neno la pili. Ukilipata neno la pili, umeshakaa barazani kwake bila kukaribishwa."

Kabla ya neno la pili. Jaribuni mwone. Neno la kwanza huwa "lakini", au "mama", au "haiwezekani", na moyo wote unataka kujua linalofuata. Nilifanya mazoezi ya mkono kama mpiga kinanda. Baada ya miezi kadhaa mkono ulikuwa unafunga wenyewe, na maneno ya watu yalikuwa yanapita kwangu kama magari ya barabarani, unajua yapo, hujui yamebeba nini. Jirani zangu Usagara walinisubiri barazani jioni: "Athumani, leo umesikia nini? Bei ya mkonge inapanda?" Nikawajibu nimesikia haloo. Walidhani nawabania. Ilikuwa kweli tupu, na nilijiona mrefu kila nilipoisema.

Ikaja wiki ya kuthibitishwa kazini. Katika wiki hiyo Bwana Petro alikaa nyuma yako, amechomeka visikizio vyake kwenye bodi yako, anasikia kila usemalo. Na sheria moja haikuwa na msamaha: opereta hazungumzi mambo yake kwenye laini za mbali. Mwenzetu mmoja aliyewahi kumsalimia mchumba wake wa Korogwe, salamu tu, alikuwa amekwisha kurudishwa kwao.

Mchana mmoja, maduka yamefungwa watu wamelala, kifuniko cha Mombasa kikaanguka. Nikachomeka. "Tanga hapa."

Opereta wa Mombasa akasema, "Tanga, nipe duka la Jivan, Usagara. Wamwite mtu anaitwa Athumani bin Sefu."

Duka la Jivan lilikuwa chini ya chumba nilichopanga. Athumani bin Sefu alikuwa ni mimi. Mkono ulichomeka wenyewe. Nikapiga kengele ya Jivan, nikapiga tena. Jivan alikuwa amelala usingizi wake wa mchana kama duka lake.

"Namba haijibu, Mombasa," nikasema.

Kabla Mombasa hajasema neno, ikaingia sauti nyingine, kubwa, ya mtu anayedhani inabidi waya ujazwe kwa nguvu ya mapafu. "Ni nani huyo asemaye?"

Ilikuwa sauti ya bibi yangu. Mjomba alikuwa amempeleka posta ya Mombasa, nikajua baadaye, kwa kuwa alikuwa ameumwa na alipopata nafuu akataka kunisikia. Nyuma yangu nikasikia kiti cha Bwana Petro kikilia.

"Tanga hapa, bibi," nikasema. "Duka halijibu. Tafadhali usipaze sauti, nakusikia vizuri."

Nilingoja aseme jina langu. Hakulisema. Miezi yote ile ya njia na mchele na nchi ilikuwa imefanya kazi yake, hakunitambua.

"Uwe ndiwe mtu wa waya?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ndiye mimi, bibi."

"Nina mjukuu wangu hapo, afanya kazi kama hini yako. Wamjua?"

"Namjua."

"Ni mzima?"

"Mzima, bibi."

"Yuwala?"

"Anakula vizuri." Bwana Petro akakohoa. Opereta wa Mombasa, Mungu amrehemu, hakutia neno. Nilijua natakiwa nikate. Nilisubiri mkono wa msimamizi wangu uje mbele uchomoe kamba, na mkono haukuja.

"Sikiza, mwanangu," bibi akasema. "Nataka nikuulize neno, na uniambie kweli. Uwe si jamaa yangu, huna haja ya kunipendeza. Watu wasemapo humo, nyinyi mwawasikiza?"

Swali lile alikuwa amekaa nalo tangu siku ya mbuzi. Nikashusha sauti, nikasogeza midomo, nikaliweka kila neno mahali pake.

"Hapana, bibi. Nikishawaunganisha nafunga. Nikifungua kutazama kama wamemaliza, nikasikia mtu bado anasema, nafunga kabla hajafika neno la pili."

"Na hilo la kwanza mwalipeleka wapi?"

"Linabaki hapa hapa. Tukitoka mlangoni hatuna hata moja."

"Wallahi?"

"Wallahi, bibi."

"Na yule mjukuu wangu? Naye ndivyo afanyavyo?"

"Ndivyo afanyavyo. Nakaa naye kila siku. Hadukizi."

Waya wa Mombasa ulivuma. Kisha akasema, pole pole, "Basi nilimnyima bure. Mwambie bibiye Mwanakombo ampa radhi, zote, za kazi na za kukaa nti ya watu. Mwambie hata nikifa leo sina kinyongo naye. Utamwambia?"

"Nitamwambia, bibi."

"Usisahau."

"Sitasahau." Machozi yalikuwa yanadondokea kile kipaza sauti, na sauti yangu haikutikisika, kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa.

"Na uwe waitwa nani, nipate kukuombea?"

Majina hatukuruhusiwa kutaja. Kila mmoja wetu alijulikana kwa namba ya kiti chake. "Namba Nne, bibi."

"Namba Nne," akarudia, kama anaonja. "Basi Mungu akuweke, Namba Nne. Aliyekulea amelea. Na huyo mjukuu wangu mwambie akuige, maana yeye ana mdomo mrefu."

Laini ikakatika. Sikugeuka. Nilimsikia Bwana Petro akichomoa visikizio vyake, akisimama, akinyoosha kola. "Namba Nne," akasema, "kifuniko cha bandari kimeanguka, mtu anasubiri." Ijumaa ile nikathibitishwa, na yeye hakuligusa tena jambo hilo mpaka alipostaafu.

Sikukuu iliyofuata nilikwenda Mombasa. Bibi alikuwa amekaa ukumbini, amekonda, macho yake yale yale. Akaniuliza kama salamu zake zilinifika. Nikamwambia zilifika, neno kwa neno. Nilikuwa nimedhamiria kumwambia ukweli. Nikafungua mdomo, na yeye akanitangulia: "Na yule Namba Nne, hajambo?" Uso wake ulikuwa umenawiri. Alikuwa akimwona mtu mwingine, kijana asiyemjua, mwaminifu, aliyemsemea mjukuu wake bila kutumwa. Nikaona nikimwambia, namnyang'anya mtu huyo.

"Hajambo, bibi," nikasema. "Anakusalimu."

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni mwenyewe, akainua msahafu kwa mikono yote miwili, nikapita chini yake bila kuinama. Kisha akanikabidhi vifurushi viwili vya mahamri, kimoja changu, cha pili cha Namba Nne. Alifanya hivyo kila nilipokwenda kumuaga, mpaka Mungu alipomchukua.

Na mimi kila mara basi likishavuka Horohoro nilianza kula kile cha Namba Nne. Changu nilipewa kwa kuzaliwa. Kile kingine nilikifanyia kazi.